Vifaranga kutoka Dar wanafika Pemba wazima, siku ya tatu wanaanza kufa. Tatizo liko wapi?

#1 Karafuu_Kavu
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Niliagiza vifaranga chotara 300 kutoka Dar. Pesa nikatuma kwa simu, wakapakiwa melini, wakapitia Unguja, mie nikawapokea bandari ya Mkoani asubuhi. Kufungua maboksi, waliokufa wanane tu, nikasema alhamdulillah. Siku ya kwanza na ya pili wanakula, wanalia, wanakimbizana, hapana neno. Siku ya tatu wakaanza kuanguka. Ukiingia bandani asubuhi unaokota, mchana unaokota, magharibi unaokota. Wiki imetimia nimebakiwa na 217.

Anayetaka kufa unamjua mapema: anajitenga, mabawa yanateremka, macho anafumba, ukirudi ushamkuta kalala ubavu. Baadhi yao kinyesi kimewaganda nyuma.

Muuzaji kila nikimpigia jibu lake ni moja, "vifaranga vyangu vilitoka vizima, tizama bruda yako," yaani chumba ninachowalelea kwa joto. Wa meli anasema yeye kapakia maboksi, hakupakia roho. Jirani anasema ni joto la kaskazi. Sasa nauliza wenye kujua: wameuliwa na safari, na mwenye mashine ya kutotolea, au na mie mwenyewe?

#2 Ngalawa_Mbovu
Nakaa mbele kabisa. Nataka kuleta broila 200 wawahi sikukuu.

#3 MamaKuku_Fuoni
Pole kaka. Suali la kwanza: walipofika uliwapa nini mwanzo? Watu wengi wakishafungua boksi wanamwaga chakula hapo hapo, kwa huruma, wamefunga safari watoto wa watu. Kifaranga aliyekauka akila kabla ya kunywa, chakula kinamkaa gole, ule mfuko wa chakula shingoni, kama udongo, hakishuki.

Mie wakifika nawapa maji kwanza, ya uvuguvugu, yenye glukosi. Namkamata mmoja mmoja, namchovya mdomo, namwachia. Ndiyo, mmoja mmoja, hata wawe mia tano. Watoto wangu wa nyumbani wote wamefanya kazi hiyo na wote wanaichukia. Saa mbili tatu baadaye ndo namwaga stata, chakula chao cha mwanzo, juu ya magazeti. Na siku tatu za mwanzo natia antibayotiki kwenye maji, sijutii.

#4 Karafuu_Kavu
Ahsante dada. Maji nilianza nayo, ya sukari kwa sababu glukosi sikuipata Chake siku ile. Kuchovya nilichovya baadhi, si wote. Antibayotiki sikutia mpaka walipoanza kufa.

#5 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Msimtafute mchawi mbali, mchawi ni meli. Mie nafanya kazi bandarini, maboksi ya vifaranga nayaona kila yakija. Boksi moja linachukua mia, ndani limegawiwa vyumba vinne, ishirini na tano kila chumba, na pembeni lina matundu. Yale matundu hayakuwekwa kwa uzuri. Sasa mpakiaji anayabana maboksi ubavu kwa ubavu, juu anaongeza magunia ya vitunguu, halafu anafunika turubai kwa sababu ya mawimbi. Matundu yote yamezibwa. Usiku kucha wanapumua joto lao wenyewe.

Kifaranga hafi palepale. Anahema mdomo wazi mpaka maji ya mwilini yanamwisha, anafika kwako yuhai, anakula kula yake, halafu anakwisha kidogo kidogo. Karafuu_Kavu, tizama miguu ya wale wanaokufa. Kama imesinyaa na mshipa unaonekana, basi huyo alikauka.

#6 Mtoto_wa_Limbani
Mie napinga. Wangu niliwaogopea joto la melini, nikawapandisha boti ya kasi, nikaingia nao ndani kabisa nikawaweka chini ya kiti. Kiyoyozi kinapuliza miguuni. Kufika, wamerundikana kwenye pembe za boksi, wa chini wote wamekufa kwa kubanwa, na waliobaki wakaendelea kufa nyumbani vilevile kama wa Karafuu_Kavu. Kwa hiyo ni baridi, sio joto.

#7 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
@Mtoto_wa_Limbani umewapandisha daraja la kwanza halafu unalalamika. Ungewaagizia na chai.

#8 Mtoto_wa_Limbani
Cheka tu mzee, nauli yao nilikata mie.

#9 Daktari_wa_Banda
Wote wawili mnaweza kuwa sawa, na bado msiwe mmejibu suali. Nafanya kazi ya mifugo Unguja, na jambo la kwanza ninalomuuliza mfugaji ni siku gani walikufa, halafu ndo wangapi.

Wanaokufa ndani ya boksi na siku mbili za mwanzo, mara nyingi ni safari: joto, baridi, kukosa hewa, kubanwa. Wanaokufa kuanzia siku ya tatu mpaka ya tano au ya sita, hapo kuna makundi mawili yanayofanana kwa nje. Kundi moja ni wale ambao hawakujifunza kula na kunywa. Kifaranga hutoka ganda na akiba ya kiini tumboni, anaishi nayo, unamwona anakimbia unadhani kashiba, kumbe anakula akiba. Ikimalizika anaanguka. Kundi la pili ni wenye kitovu kilichoingia uchafu mashineni au kwenye maboksi: kiini kinaoza tumboni badala ya kutumika. Hao nao huanguka siku hizo hizo na huendelea mpaka mwisho wa wiki.

Vifo vikija juu wiki ya pili na ya tatu, pamoja na kuhara nyeupe, mawazo yangu yanakwenda kwenye salmonela inayotoka kwa kuku mama kupitia yai. Kuhara damu mara nyingi husubiri wiki ya tatu na kuendelea, na ugonjwa wa Gumboro nao wiki ya tatu mpaka ya sita. Haya mawili ya mwisho kwa Karafuu_Kavu bado hayajafika.

Wiki ya kwanza, ukipoteza mmoja katika mia umefanya vizuri. Wawili, watatu, unaanza kuuliza. Wewe umepoteza zaidi ya robo ya mzigo, kwa hiyo kuna kitu kikubwa, au vitu viwili vimekutana.

Na @MamaKuku_Fuoni, dada yangu, antibayotiki kwa vifaranga wazima kila mzigo unaopokea si kinga. Unawafundisha wadudu wa maradhi kuizoea, siku unayoihitaji haifanyi kazi.

#10 MamaKuku_Fuoni
Daktari mie nakuheshimu, lakini banda langu halijawahi kuokota vifaranga sabini. Siku ukija Fuoni utawaona.

#11 Daktari_wa_Banda
Nitakuja, na supu nitakunywa. Lakini nadhani wanaokuokolea ni wale watoto wanaochovya mmoja mmoja, sio dawa.

#12 Fundi_Mashine
Mbona hapana aliyeuliza saa ya kutotolewa? Nyote mnahesabu kuanzia meli ilipong'oa nanga.

Yai linakaa mashineni siku 21, lakini hayapasuki yote saa moja. Wa kwanza na wa mwisho hupishana masaa 24, wakati mwengine mpaka 36. Mwenye mashine anasubiri wengi watoke na wakauke, ndo anafungua, anachagua, wengine wanachanjwa kinga ya ugonjwa wa Marek, wanahesabiwa, wanawekwa kwenye boksi. Kwa hiyo katika boksi lako la "siku moja" kuna mtoto aliyetoka ganda jana yake asubuhi. Tena kama siku ya kutotoa haikuangukia siku ya meli ya Pemba, wanalala kwa wakala Dar usiku mmoja. Halafu meli, halafu Unguja, halafu Mkoani, halafu daladala au gari ya kukodi mpaka Ole.

Ile akiba ya kiini inasemwa inamfikisha masaa 72. Zinahesabiwa toka kupasua ganda, sio toka kulipa pesa. Anayekaa Kibaha anawapokea baada ya masaa machache. Sisi wa Pemba tunapokea wanaokaribia mwisho wa akiba, halafu tunasema vifaranga vya kampuni fulani ni vibovu.

#13 Ngalawa_Mbovu
Lakini Fundi, kama anaweza siku tatu bila kitu, si maana yake safari ya Pemba haimdhuru? Usiku mmoja tu.

#14 Daktari_wa_Banda
@Ngalawa_Mbovu hapana. Hayo masaa 72 ni ukingo, na ni kwa kifaranga aliyewekwa kwenye joto la kumfaa. Akihema kwa joto anapoteza maji haraka zaidi na ukingo unasogea karibu. Vizuri apate maji na chakula ndani ya siku ya kwanza, na kila saa inayozidi hapo inamdhoofisha.

#15 Ughaibuni_Ohio
Salaam kutoka Marekani, mie mtoto wa Wete niliyepotea. Huku watu wanaagiza vifaranga kwa posta, hii posta ya barua, na kazi hiyo imeanza 1918. Sharti lao kifaranga asizidi masaa 24 anapopelekwa posta, na afike ndani ya masaa 72 toka kutotolewa, hesabu ile ile ya Fundi. Wauzaji wengi walizoea kukataa kuuza chini ya 25, kwa sababu wakiwa wachache hawatiani joto njiani. Hapo mnaona tofauti: huku hofu yao kubwa ni baridi, nyie huko ni turubai.

Na wao hawajasalimika. Agosti 2020 wafugaji wa jimbo la Maine walipokea vifaranga wasiopungua 4,800 wamekufa, wakati posta ilipokuwa na ucheleweshaji. Lilifika mpaka kwa wabunge wao.

#16 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Kwa hiyo mtu wa posta anabisha hodi, "bwana, kuku wako hawa"?

#17 Ughaibuni_Ohio
Mara nyingi wanakupigia simu uende kuwachukua mwenyewe alfajiri. Nadhani wanachoka na kelele.

#18 Kipanga_Micheweni
Mie nina suali la kijinga. Maji. @Karafuu_Kavu maji ya bandani ni ya mfereji au ya kisima?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Micheweni, mawe matupu na bahari karibu, visima vingi vina chumvichumvi. Kuku wakubwa wanavumilia. Kifaranga figo zake changa, chumvi inamshinda. Mwaka jana tulibadilisha, tukawa tunawanywesha maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye tangi, vifo vikapungua kwa kuonekana. Labda na mambo mengine yalibadilika, sisemi ndo hilo peke yake.

#19 Karafuu_Kavu
Kisima. Mfereji ulikuwa hautoki siku zile. Maji yake yana ukali kidogo mdomoni, ila nyumbani tunapikia na kuku wa kienyeji wanakunywa hayo hayo miaka yote.

#20 Daktari_wa_Banda
Chumvi ikizidi ningetarajia wanywe sana, kinyesi kiwe maji, matandiko yaroe, na baadhi wavimbe tumbo. Uliona hayo?

#21 Karafuu_Kavu
Matandiko yaliroa karibu na vyombo vya maji tu. Tumbo, wachache, lakini nilidhani wameshiba.

#22 Kipanga_Micheweni
Haya basi.

#23 Fundi_Mashine
"Haya basi" gani, kila chombo cha maji kikiinama kinaroesha. Hiyo si dalili ya chumvi, ni dalili ya chombo kibovu.

#24 Bi_Mkubwa_Kengeja
Wanangu hamjambo. Mnahangaika na glukosi na vipimo. Sisi zamani akija mtu na vifaranga wa kizungu, tunamtafuta tetea anayeatamia, usiku wa giza unamwondolea mayai taratibu unamtilia vifaranga chini ya mbawa. Kukipambazuka wake hao. Atawafundisha kula, kunywa, kukimbia kunguru. Huokoti kitu.

#25 Karafuu_Kavu
Shikamoo bibi. Tetea mmoja anafunika wangapi?

#26 Bi_Mkubwa_Kengeja
Marahaba mwanangu. Kumi, kumi na mbili. Akiwa mkubwa kumi na tano.

#27 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Bibi, vifaranga 300 ni tetea ishirini na zaidi, na wote waatamie siku moja. Hicho kikao cha Baraza la Wawakilishi.

#28 Bi_Mkubwa_Kengeja
Sasa nani kakwambia ulete 300 kwa mara moja? Tamaa.

#29 Mtoto_wa_Limbani
😂😂 Bibi kamaliza uzi.

#30 Zena_wa_Machomane
Hajamaliza, mie nina langu. Karafuu_Kavu ulipiga picha maboksi yako ukaweka kwenye status?

#31 Karafuu_Kavu
Nilipiga. Nikaandika "mradi umeanza".

#32 Zena_wa_Machomane
Basi ushajijibu. Watu wangapi waliitazama? Hao ndo wamekula.

#33 Daktari_wa_Banda
Kwenye fomu ya uchunguzi sina sehemu ya kujaza hilo, dada Zena.

#34 Zena_wa_Machomane
Iongezeni.

#35 Maranda_na_Mkaa
Turudi bandani kidogo. Joto unatia kwa kitu gani? Kama ni jiko la mkaa au chungu cha makaa ndani ya chumba kilichofungwa, huna haja ya kutafuta ugonjwa. Moshi unaouona haukutishi, gesi ya mkaa isiyoonekana wala kunuka ndo inaua. Kifaranga anasinzia, anateremsha mabawa, asubuhi amekwisha. Kama ulivyoeleza wewe mwanzo kabisa, "macho anafumba". Usiku watu hufunga madirisha kwa kuogopa baridi na paka, mkaa unaendelea. Vifo vyako vilikuwa vingi asubuhi?

#36 Karafuu_Kavu
Chungu cha mkaa, kweli. Madirisha nilifunga kwa magunia, juu nikaacha wazi. Vifo vilikuwa asubuhi na mchana vilevile, ila nikikumbuka vizuri asubuhi vilizidi.

#37 MamaKuku_Fuoni
Asubuhi huzidi kwa kila mtu, kwa sababu usiku mzima hujaokota.

#38 Fundi_Mashine
@MamaKuku_Fuoni hapo umesema la maana kuliko sote.

#39 Maranda_na_Mkaa
Sawa, lakini na joto lenyewe ulipimaje? Wiki ya kwanza inatakiwa sentigredi 32 mpaka 35 pale kifaranga anapolala, sio ukutani kwenye msumari, halafu unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Na moto unawashwa kutwa nzima kabla hawajafika, sakafu na maranda yapate joto. Mtu anawasha wakati gari inapiga honi nje. Kifaranga anasimama juu ya sakafu baridi, miguu inapoa, hamu ya kula inakwisha. Kama huna kipimajoto, chukua mguu wa kifaranga uuweke shavuni mwako. Ukiwa wa baridi, naye yuko kwenye baridi.

Na maranda yakiwa na ukungu ni mlango mwengine wa kifo, mapafu yanaota ukungu, wanahema kwa shida bila kukoroma. Masika ikiwa karibu, muangalie hilo. Pumba za mpunga nazo vilevile, usichukue za chini ya gunia.

#40 Daktari_wa_Banda
Naongeza kidogo hapo kwa @Maranda_na_Mkaa: usiku wa kwanza pita uwapapase gole, chukua kama ishirini huku na huku. Gole laini lililojaa, huyo kala na kanywa. Gumu, kala bila maji. Tupu, huyo ndiye utakayemuokota siku ya nne. Usimsubiri, mtenge umnyweshe kwa mkono. Kazi ya nusu saa hiyo.

Na mtu kaniuliza pembeni kama awape chanjo ya kideri (Newcastle) wanaokufa sasa hivi. Chanjo haitibu. Ile TEMEVAC ya matone ya jichoni ni nzuri na inavumilia joto la huku kwetu, lakini mpe mzima, kwa ratiba, na uirudie kila miezi mitatu kwa wanaokua. Mgonjwa mwache kwanza apone.

#41 Hesabu_za_Duka
Mie si mfugaji, nafuga madeni tu. Karafuu_Kavu ulimnunua kiasi gani?

#42 Karafuu_Kavu
2,000 kila mmoja. Na usafiri mpaka mlangoni ulikuwa kama 60,000.

#43 Hesabu_za_Duka
Jumla 660,000. Gawa kwa 217 uliobakiwa nao: kila kifaranga kakugharimu 3,000 na ushei, kabla hajala punje. Hapo ulipe stata inayokuja kwa meli ile ile. Umshinde kwa bei kuku wa barafu anayeshushwa na makontena? Afadhali ulete mayai ya kutotoa, yai halihemi.

#44 Fundi_Mashine
Linahema, bwana Hesabu, ganda lina vitundu vidogo na ndani mna roho. Na yai linachukia safari kuliko kifaranga. Likitikiswa usiku kucha kwenye mawimbi, kile chumba cha hewa cha upande wa ncha butu kinabanduka. Ukilitia mashineni siku hiyo hiyo linaoza. Inabidi ulilaze kutwa, ncha nyembamba chini, litulie. Na hata hivyo mayai yaliyosafiri ukitotoa nusu, usilalamike.

Halafu mashine inataka nyuzi 37 na nusu siku zote, usiku na mchana. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga toka 2010, kabla ya hapo tulikuwa na majenereta, kwa hiyo tumshukuru Mungu. Lakini ukikatika masaa sita siku ya kumi na nane, jenereta huna, utakaanga chapati na hayo mayai.

#45 Hesabu_za_Duka
Ndo maana nimebaki dukani.

#46 Mshipi_wa_Wesha
Jamani mbona mnang'ang'ania Dar? Mombasa hapo, jahazi linavuka, bei nzuri. Kuna watu wanaleta.

#47 Daktari_wa_Banda
Usiandike hayo hadharani ndugu yangu. Tanzania ilizuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje toka 2006, wakati wa hofu ya mafua ya ndege. Na 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto, wote mnakumbuka kelele zake. Na Zanzibar tuna taratibu zetu: hata kutoka Bara, mnyama hai anaingia kwa kibali cha Wizara na cheti cha daktari wa alikotoka. Ukikuta mtu wa mifugo bandarini anakuuliza karatasi, hakuonei.

#48 Mshipi_wa_Wesha
Nilikuwa nauliza tu.

#49 Kipanga_Micheweni
Walichomwa wakiwa hai. Mie ile habari iliniuma mpaka leo, sheria au si sheria.

#50 Jogoo_la_Mtambile
Nimesoma uzi toka juu. Sasa nami nitie mchanga kwenye pilau lenu. Wiki ile ile ya Karafuu_Kavu, meli ile ile kama sikosei, mie nimepokea vifaranga 400 aina ya kuroila. Mpaka leo waliokufa hawafiki kumi. Kaskazi ile ile, Mkoani ile ile.

Nilichofanya: ndugu yangu alipanda nao toka Dar. Maboksi aliyaweka kwenye ubao upande wa kivuli, kati ya boksi na boksi katia kipande cha mti hewa ipite, na turubai alilikataa, akagombana na mpakiaji mpaka ukaribia kuwa ugomvi wa mikono.

#51 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
NILISEMA. Turubai.

#52 Fundi_Mashine
Pole pole Nahodha. @Jogoo_la_Mtambile muuzaji wako ni yule yule wa Karafuu_Kavu?

#53 Jogoo_la_Mtambile
Hapana, mwengine. Na wangu walitotolewa asubuhi ya siku ya meli, nilimwambia kabisa kama si wa leo sitaki.

#54 Fundi_Mashine
Basi hujathibitisha turubai, umethibitisha saa.

#55 Kipanga_Micheweni
Na maji je?

#56 Jogoo_la_Mtambile
Mfereji.

#57 Kipanga_Micheweni
Mie nanyamaza.

#58 Zena_wa_Machomane
Na status uliweka?

#59 Jogoo_la_Mtambile
Mie sina simu ya hivyo dada.

#60 Zena_wa_Machomane
😌

#61 Karafuu_Kavu
Narudi na habari. Nilimpata mtu wa mifugo Chake, akapasua watatu mbele yangu. Wawili kiini kilikuwa bado kikubwa tumboni, rangi ya kijanikijani, na harufu usiulize. Wa tatu kiini kimekwisha kabisa, gole tupu, na figo zina unga mweupe. Kanambia wawili ni kitovu, mmoja kakauka. Alitaka vipimo vipelekwe maabara ya Maruhubi, lakini wale niliowahifadhi walikuwa washaharibika.

Nikampigia muuzaji nikamweleza kiini. Kasema kitovu kimeingia uchafu bandani kwangu.

#62 MamaKuku_Fuoni
Anatafuta pa kutokea. Vitovu vyote hivyo vichafuke kwako kwa siku mbili? Mashine yake chafu.

#63 Maranda_na_Mkaa
Inawezekana vilevile, dada. Boksi lililotumika tena, lenye mavi ya safari iliyopita, kitovu kibichi kinalalia hapo usiku kucha. Maboksi yako Karafuu_Kavu yalikuwa mapya?

#64 Karafuu_Kavu
Mawili mapya. Moja lina gundi ya pili juu ya gundi ya kwanza.

#65 Fundi_Mashine
Na msisahau, kiini kinaweza kubaki kikubwa kwa sababu kifaranga alipata joto au baridi kupita kiasi, mwili ukashindwa kukitumia. Hapo kinakaa, kinaoza. Kwa hiyo hata kiini kikubwa si lazima mashine.

#66 Daktari_wa_Banda
Ni kweli. Na watatu ni wachache mno kusemea sabini na tano. Mzigo ujao wakianza kufa, chukua waliokufa muda huo huo, watie kwenye barafu, sio friza, wapelekwe siku hiyo hiyo. Na andika: saa ya kutotolewa, saa ya kupokea, boksi namba ngapi, wangapi kila siku. Boksi lile la gundi mbili, waliotoka humo uliwachanganya na wengine?

#67 Karafuu_Kavu
Nilichanganya wote.

#68 Daktari_wa_Banda
Basi.

#69 Ngalawa_Mbovu
Sasa mie niagize au nisiagize? Nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

#70 Jogoo_la_Mtambile
Agiza. Tuungane. Mie nataka 300 tena, wewe 200, kama Karafuu_Kavu hajakata tamaa ajaze 200. Mzigo wa 700 muuzaji anakusikiliza: unamlazimisha siku ya kutotoa iwe siku ya meli, maboksi mapya yote, na wengine wakiona oda kubwa hukutilia wawili wa nyongeza kwa kila mia. Ndugu yangu anapanda nao tena, nauli tunachangiana.

#71 Karafuu_Kavu
Nimo, lakini 100 tu. Na huyu muuzaji wangu simtaki.

#72 Mtoto_wa_Limbani
Mie 50. Sitaki kiyoyozi.

#73 MamaKuku_Fuoni
Wakipita Unguja nitawatizama bandarini nikiwa na glukosi, sitaki hata shilingi. Nipeni siku tu.

#74 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mkoani nawashusha mie mwenyewe, kwa mkono, hawagusi jua. Elfu mbili kila boksi.

#75 Karafuu_Kavu
Elfu moja.

#76 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Elfu moja jua limo.